Sanduku Linalokwenda na Kurudi

Kuna watu wanazaliwa na mashaka, na kuna wanaofundishwa. Mzee Fungua alifundishwa, tena kwa mshahara. Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye mlango wa kutokea wa kiwanda cha viatu, na kazi yake ilikuwa neno moja tu: "Fungua." Fungua begi, fungua koti, fungua kopo la chakula, fungua mdomo. Ndiyo, mdomo. Kuna bwana alikutwa na misumari midogo ya viatu chini ya ulimi, kumbe ndiyo maana alikuwa anaaga wenzake kwa kutikisa kichwa.

Ila aliyemkomaza hakuwa huyo wa misumari. Alikuwa fundi mmoja wa gundi, mpole, mcheshi, anayetoka kila jioni na kopo la uji nusu. Wiki mbili nzima Mzee Fungua akaukoroga ule uji kwa kijiko. Uji mtupu. Wiki ya tatu akaona haya, mtu mzima unakorogaje uji wa mwenzako kila siku, akaacha. Miezi sita baadaye kopo likamponyoka yule fundi pale pale mlangoni, uji chwaa, na katikati ya uji bizimu za mikanda thelathini na moja zikimwangalia. Tangu siku hiyo mzee akajua: mwizi mwenye akili haanzi kwa kuiba. Anaanza kwa kukuzoesha.

Kiwanda kilipofungwa akapata kazi ya geti kwenye shule ya msingi. Kibanda cha bati, meza moja, daftari la geti, na kalamu imefungwa kwa kamba ili isipate miguu. Kila anayeingia anaandikwa, kila anayetoka anaandikwa, na mtoto yeyote anayeonekana uwanjani saa za masomo anaandikwa pia, kwa saa na dakika. Hakuna aliyemwomba aandike hayo yote. Na kengele ilikuwa yake: rimu ya lori imening'inizwa kwenye nguzo, anaipiga kwa chuma mpaka kunguru wanahama paa.

"Wewe," mkewe alikuwa akimwambia, "siku malaika akija kukuchukua, utamwambia afungue mabawa kwanza."

"Na akikataa?"

"Basi utaishi milele, na mimi nitakoma."

Sasa, mwaka huo akaingia darasa la kwanza mtoto wa kike wa miaka saba ambaye wenzake walimpa jina la Kofia. Jua kali, watu wanatoka jasho mpaka kwenye kope, yeye ana kofia ya sufu imevutwa hadi chini ya masikio. Siku ya kwanza tu Mzee Fungua akamsimamisha. Sheria ya shule, hakuna kofia. Na kichwani mwake mzee, kofia ya sufu kwenye joto si kofia, ni mfuko.

"Vua."

Mtoto akaishika kwa mikono miwili. Mzee akaivua mwenyewe, akaigeuza ndani nje, akakuta kwenye masikio pameshonewa pamba. Akaiminya ile pamba kati ya vidole, taratibu, akitafuta. Wakati huo huo watoto mia nne wanapita wanapiga kelele, na Kofia akaanza kulia. Lakini si kulia kwa mtoto aliyenyang'anywa kitu. Alilia kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, akajikunja chini na kuziba masikio, na hakunyamaza hata aliporudishiwa kofia.

"Mtoto wa kudeka huyo," Mzee Fungua akasema, akaandika.

Wiki tatu za mwanzo Kofia alikimbia darasani mara tisa. Kiti kikikwaruza sakafu, kengele ikilia, wenzake wakiimba kwa pamoja, anatoka mbio mpaka uwanjani, mara nyingine mpaka getini. Mama yake, mwanamke mwembamba anayefanya kazi dirishani kwenye duka la dawa, akaitwa. Alipotoka ofisini alisimama pembeni ya kibanda akiongea na simu, na mlinzi hana haja ya kutega sikio, maneno yanamfuata yenyewe. "Wamesema mpaka kikao cha mwisho wa mwezi ujao. Akiwa bado anakimbia, nimtafutie shule nyingine. Shule gani? Hii si ndiyo ya tatu? Zile mbili zimeshamkataa, mtaa mzima hakuna nyingine."

Mzee Fungua alisikia, akajisemea si kazi yake. Kazi yake ni geti.

Ndipo akaja Anti.

Anti alikuwa mwalimu msaidizi mpya wa darasa la kwanza, binti wa miaka ishirini na kitu, viatu vya raba, anatembea haraka kama anayekimbia mvua. Watoto wote walimwita Anti, basi na walimu wakamwita Anti. Siku ya pili tu mzee akamkamata akifungua geti dogo la nyuma, la jikoni, saa moja na dakika ishirini asubuhi, anamwingiza Kofia peke yake kabla shule nzima haijafika.

"Ufunguo umeutoa wapi?"

"Shikamoo mzee. Kanipa Mkuu."

"Marahaba. Mkuu mbona hajaniambia?"

"Labda amesahau."

Na kweli Mkuu alikuwa amesahau. Tuseme ukweli, shule nyingi ziko hivyo: jambo likipangwa anaambiwa mwalimu, anaambiwa mpishi, anaambiwa mpaka anayeleta chaki, na mlinzi anategemewa aote. Mkuu alikuwa mama mmoja mwenye mafaili mengi na miwani jozi mbili, akitafuta moja anavaa nyingine. Alikuwa amemwambia Anti, "Jaribu unachoweza mpaka siku ya kikao," akarudi kwenye mafaili yake. Mzee hakuambiwa, na mlinzi asiyeambiwa anajiambia.

Akajiambia mengi. Siku iliyofuata Anti akamfuata kibandani.

"Mzee, naomba kitu. Kabla hujapiga kengele, ninyooshee mkono tu, nikuone kutoka dirishani."

"Wa nini?"

"Nimwandae mtoto. Ile sauti kwako ni kengele, kwake ni kama sufuria imepigwa juu ya kichwa. Akijua inakuja anaziba masikio, inapita. Asipojua, anakimbia."

Mzee Fungua akamwangalia. Miaka ishirini na miwili, hakuna mtu aliyemwomba ishara ya mkono kwa nia njema. Kiwandani ishara ya mkono maana yake ilikuwa moja tu: mlinzi kageuka, pitisha.

"Nitaona," akasema. Hakunyoosha mkono hata siku moja. Akaanza kumwandika Anti.

Na siku ya nne akaona sanduku.

Lilikuwa sanduku la karatasi ngumu, ukubwa wa kreti la soda, limefungwa utepe wa gundi. Saa mbili na nusu Kofia akatoka darasani amelikumbatia, amepinda mgongo kwa uzito, akavuka uwanja mzima peke yake mpaka ofisi ya karani upande wa pili. Akaingia. Akatoka mikono mitupu. Saa nne kasorobo akaenda tena ofisini, akalibeba lile lile, akarudi nalo darasani. Saa tano tena. Kesho yake vile vile. Kesho kutwa vile vile.

Jamani, sanduku linakwenda na kurudi, na halipungui wala haliongezeki. Ungekuwa wewe umekoroga uji wiki mbili, ungewaza nini?

Na wiki ya nne ya lile sanduku, mwalimu wa darasa akatangaza kwamba vitabu vya hesabu thelathini, vipya kabisa, havionekani stoo.

Jumatatu ya wiki ya kikao Mzee Fungua akatoka kibandani, akasimama katikati ya uwanja, mbele ya Kofia.

"Weka chini. Fungua."

Mtoto hakuweka chini. Alilishika zaidi. Mzee akalichukua, akakata utepe kwa ufunguo. Ndani: vitabu vya zamani vya namba za simu, madaftari ya mahudhurio ya miaka ya nyuma, atlasi isiyo na jalada. Takataka tupu. Mtu mwingine angeomba radhi. Mzee Fungua moyo ukamdunda kwa furaha. Uji mtupu! Kumbe bado wanamzoesha! Leo takataka, kesho takataka, keshokutwa vitabu vya hesabu vinavuka uwanja kwenye mikono ya mtoto, nani atamshuku mtoto?

Akalipeleka sanduku kwa Mkuu, na daftari lake, na maelezo ya kusimama dakika ishirini.

Mkuu akavua miwani, akavaa mingine. Vitabu vimepotea, kikao kiko Ijumaa, na hapa kuna mlinzi anasema ufunguo, ishara, sanduku. Mkuu si mtu mbaya. Ni mtu mwenye haraka. "Mpaka nichunguze," akasema, "kila kitu kisimame. Hakuna geti dogo, hakuna sanduku. Mtoto aingie na wenzake, akae na wenzake."

Anti alipopewa habari alikwenda moja kwa moja kibandani. Hakutoa shikamoo.

"Umesema mimi mwizi?"

"Sijasema. Nimesema nilichoona."

"Yule mtoto mwili wake ukibeba kizito unatulia. Ndiyo dawa yenyewe. Anabeba, anatulia, anarudi kukaa. Nilikuwa na mdogo wangu wa hivyo hivyo. Alichapwa mpaka akaacha shule, watu wakisema mkorofi."

"Pole," mzee akasema. "Lakini hadithi za mdogo wa mtu, hata kiwandani nilizisikia nyingi."

Anti akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekukanyaga huku akikuuliza kwa nini umeweka mguu pale. Akaondoka.

Jumanne asubuhi Kofia akaingia kwa geti kubwa, katikati ya watoto mia nne, na Mzee Fungua akapiga rimu yake hatua kumi kutoka pale alipo. Hakufika hata darasani. Alirudi nyuma mbio, akajibanza kwenye ukuta, na Anti akamkuta amejing'ata mkono mpaka alama za meno zimebaki. Saa nne akakimbia tena. Jumatano mara moja. Mzee akaandika zote, saa na dakika. Lakini kuna kitu kilianza kumkera, kama punje ya mchanga kwenye soksi, nacho kilikuwa hiki: kama sanduku lilikuwa njama, njama imevunjwa, kwa nini anayeumia ni mtoto na si Anti? Anti yupo tu, anafundisha. Mwizi aliyenyang'anywa njia huwa anatafuta njia nyingine. Huyu hatafuti chochote, isipokuwa kumkimbilia mtoto.

"Labda ndiyo ujanja wenyewe," akamwambia mkewe wakila chakula cha jioni.

"Ujanja wa kutoiba?"

"Kukaa bila kuiba mpaka nisahau."

"Mume wangu," mkewe akasema, "mimi pia sijaiba miaka thelathini. Unanichunguza lini?"

Mzee akacheka, lakini hakushiba.

Alhamisi saa tatu na dakika kumi Kofia akaja mbio mpaka getini. Geti lile ni la chuma, la kusukuma kwenye reli, zito, hata mtu mzima analitolea pumzi. Mtoto hakujaribu kutoka. Aliweka bega kwenye chuma akasukuma. Komeo lilikuwa limefungwa, geti haliendi popote, na yeye anasukuma, miguu inateleza kwenye changarawe, meno ameyauma. Mzee Fungua alikuja amkamate mkono. Kisha, basi tu kwa tabia, akasimama kuangalia kwanza. Anataka nini huyu?

Akasukuma. Akapumzika. Akasukuma. Mabega yaliyokuwa yamepanda mpaka masikioni yakaanza kushuka. Pumzi iliyokuwa inakwenda kama ya mbwa ikawa pumzi ya mtu. Dakika sita kwa saa ya mzee. Halafu akaliacha geti, akamgeukia mzee aliyekuwa na begi begani.

"Begi lako linanuka vitunguu."

"Ni chakula changu."

"Sanduku langu umeliweka wapi?"

Mzee Fungua akachuchumaa. Hii ndiyo nafasi. Kiwandani alikuwa akisema, ukitaka ukweli wa fundi muulize mwanafunzi wake.

"Lina nini ndani?"

"Vitabu."

"Unampelekea nani?"

"Karani."

"Halafu karani anafanya nini?"

"Ananirudishia."

"Sasa faida yake nini?"

Mtoto akamwangalia kwa huruma, kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa.

"Zito," akasema.

Anti akatokea, akamchukua, wakaenda bila kumsemesha. Mzee akabaki pale. Akaingia kibandani, akafungua daftari, kwa sababu neno moja la mtoto si ushahidi na yeye hajawahi kumwachia mtu kwa neno. Kiwandani alikuwa na mbinu yake: mwizi yeyote ana ratiba, wewe panga siku zake pembeni kwa pembeni, ratiba itajitokeza. Akachukua karatasi, akapanga. Kabla ya sanduku, wiki tatu: kukimbia mara tisa. Siku za sanduku, kumi na nane: kukimbia mara moja. Ile mara moja akaitafuta, akaipata. Siku hiyo ameandika mwenyewe kwa mkono wake, "Anti hakufika, anaumwa." Baada ya sanduku kuzuiwa, siku tatu: mara nne.

Akahesabu upya. Akashuku mwandiko wake mwenyewe, akakagua kama kuna mtu kachezea daftari. Hakuna, kalamu imefungwa kwa kamba. Mashaka yake yote ya wiki nne, yaliyoandikwa ili yamfunge Anti, yalikuwa yamepanga mstari na kumnyooshea kidole yeye.

Alimeza chakula chake cha vitunguu bila kukisikia ladha.

Ijumaa saa tano kikao kikakaa ofisini kwa Mkuu: Mkuu, mwalimu wa darasa, Anti, na mama wa Kofia na sare yake ya duka la dawa, maana ameomba ruhusa ya saa moja tu. Mzee Fungua aliitwa asimame mlangoni aeleze habari za getini. Mwalimu wa darasa, mwanamume mwenye sauti ya jukwaani, akaanza. Hana ubaya na mtoto. Lakini ana wengine thelathini na wanane. Wiki hii pekee amekimbia mara nne, shahidi ni mlinzi.

"Ni kweli mzee?" Mkuu akauliza.

"Kweli. Mara nne."

Mama wa Kofia akainamisha kichwa. "Mkisema aende, ataenda," akasema. "Ila niambieni aende wapi. Hilo tu. Niambieni jina la shule."

Hakuna aliyelijua jina la shule.

"Lakini kabla ya hapo," Mzee Fungua akasema, na mwalimu wa darasa akageuka, maana hakuna aliyemuuliza, "siku kumi na nane alikimbia mara moja. Siku za sanduku. Nimeandika."

Akaweka daftari mezani. Mkuu akabadilisha miwani. Akasoma ukurasa, akarudi nyuma, akasoma mwingine. Mzee akamwonyesha kwa kidole, siku kwa siku, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kiwandani, ya mtu anayesoma kesi ya mshtakiwa.

"Kwa hiyo unasema nini?"

Kwenye maisha yake ya kazi Mzee Fungua hajawahi kufuta taarifa. Hata yule aliyemshuku kwa tumbo kubwa, akakuta ni tumbo, aliandika "limekaguliwa" na kusonga mbele.

"Nasema nilikosea. Sanduku lilikuwa halitoi kitu. Lilikuwa linamkalisha mtoto darasani. Nimelizuia mimi, ndiyo maana amekimbia."

"Na vile vitabu vya hesabu?" mwalimu wa darasa akauliza.

"Ah, vile," Mkuu akasema, "vilipatikana juzi. Viko nyuma ya kabati langu, nilivipokea mwenyewe nikasahau."

Juzi! Mzee Fungua alimwangalia Mkuu kwa jicho ambalo lingetosha kumsimamisha mtu mlangoni na kumvua viatu.

"Na hao wengine thelathini na wanane?" mwalimu wa darasa hakukata tamaa.

"Hao sijamwona hata mmoja akikimbilia getini," mzee akajibu. "Akianza, nitamwandika."

Mkuu akafunga daftari. Kofia abaki mpaka mwisho wa mwaka, hapo watatazama upya. Sanduku lirudi Jumatatu, na geti dogo. Kabla ya kengele mlinzi atoe ishara, na hilo si ombi. Mwalimu wa darasa akasema atafuata agizo, kwa sauti ya mtu anayesubiri mara ya kwanza litakaposhindikana. Mama wa Kofia akatazama saa, akasimama, akasahau kusema asante, akakimbia kazini.

Nje, Anti akampita mzee uwanjani. Mzee akamfuata hatua mbili.

"Binti."

Akasimama, hakugeuka vizuri.

"Ungeniuliza tu, mzee. Siku ya kwanza. Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ufunguo umeutoa wapi, nikakuuliza."

"Hukuuliza unijue. Uliuliza unikamate."

Mzee akafikiri. "Na ningekuuliza vizuri, ungeniambia ukweli?"

"Ningekuambia."

"Wote husema hivyo."

Alitaka iwe mzaha. Anti hakucheka.

"Ile alama ya meno mkononi mwake bado haijaondoka," akasema. "Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuambia."

Akaenda zake na viatu vyake vya raba. Mzee Fungua akabaki amesimama juani, akikubali moyoni kwamba yule binti ana haki, kila neno. Na kwa kuwa yeye ni yeye, kabla hajafika kibandani alikuwa ameshaanza kujiuliza atajuaje, siku akimwambia amemsamehe, kama ni kweli.